UFA NA DHAHABU: SOMO NILILOLIPATA MFEREJINI
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga wetu walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nakubali. Lakini leo nataka kukueleza habari ya ufa mmoja ambao, lau ungalizibwa, ami yangu angalitia mkono mfukoni akalipa dhahabu ya watu kwa sababu ya ujinga wangu. Kutokana na ufa huo nimejifunza jinsi dhahabu inavyokaa chini ya maji, na jinsi mtu anavyoweza kuitoa kwa vifaa vya mkono tu. Haya ndiyo ninayotaka kuwafundisha wenzangu katika jarida letu la mwaka huu.

KISA CHENYEWE

Ami yangu ni sonara hapa Lamu. Karakana yake ni chumba kimoja cha chini, katika kichochoro kinachoteremka kwenda pwani. Siku za Jumamosi na za likizo mimi huenda kumsaidia. Huwasha moto, hushika koleo, husugua bangili, na hufagia. Kufagia ndiko kulikoniponza.

Siku zile zilikuwa za kukaribia Maulidi. Mtaa mzima watu walikuwa wakipaka chokaa na kusafisha mbele ya nyumba zao. Mama mmoja alikuwa amemletea ami bangili mbili kuukuu za marehemu mamake, gramu 40 kamili mizanini, azigeuze ziwe kidani cha binti yake aliyekuwa aolewe wiki mbili baada ya Maulidi. Itakayobaki, alisema, ifanywe vipuli vya masikio. Kidani kilikuwa tayari, nacho kilikuwa na gramu 36.2. Dhahabu ya vipuli ilikuwa bado ni unga, yaani ule unga unaoanguka kwa tupa na msasa. Ami huukusanya pamoja na vumbi la mezani ndani ya kopo la maziwa lililo chini ya benchi. Kabla ya kuanza kazi ya mteja yeyote hulisafisha kopo hilo kabisa, ili unga wa mtu usichanganyike na wa mwingine.

Mimi nikaliona kopo limejaa vumbi jeusi, nywele na vipande vya mkaa. Nikasema moyoni, leo nitamfurahisha ami. Nikalimwaga lote katika mfereji ulio nje ya mlango, nikafuatisha ndoo mbili za maji, nikafagia mpaka nikaona raha.

Ami aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alitazama chini ya benchi, kisha akanitazama mimi. Hakupiga kelele.

"Kopo li wapi?"

"Nimeliosha, ami. Nimelianika juani."

"Na kilichokuwamo?"

Nikamwonyesha mfereji. Ami akaketi juu ya kigoda, akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Mwanangu, zile hazikuwa taka. Ile ni amana ya watu."

Nilihisi miguu yangu haimo tena katika viatu. Nikataka kukimbia mpaka pwani kunakoishia mfereji, nikatafute huko. Ami akanishika mkono.

"Ulimwaga mai ndoo ngapi?"

"Mbili."

"Basi haijenda mbali. Mai huchukua chepesi, kizito hukiata. Ndoo twende tukaitafute papa hapa."

Nitakumalizia kisa hiki mwishoni. Kwanza na tuingie darasani, maana maneno yale ya ami ndiyo somo zima.

KWA NINI DHAHABU HUKAA KATIKA UFA

Chukua kijisanduku chenye upande wa sentimita moja kila upande. Ukikijaza maji, maji hayo yana uzito wa gramu 1. Jiwe jeupe la kwatzi, ambalo ndilo hufanya sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni, lingekuwa na gramu 2.65. Ule mchanga mweusi wa chuma unaovutwa na sumaku ungekuwa na gramu 5.2. Risasi ya chubwi la mvuvi ingekuwa na gramu 11.3. Dhahabu safi je? Gramu 19.3! Ndiyo maana gramu moja ya dhahabu ni kitu kidogo sana. Ukiifanya donge la mraba, kila upande hautafika milimita 4.

Sasa tuvitie vitu hivi majini. Tulifunzwa katika fizikia kwamba kitu kikizama hupunguziwa uzito ulio sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Kwatzi yetu ya gramu 2.65 hubaki kama gramu 1.65. Dhahabu ya gramu 19.3 hubaki kama gramu 18.3. Gawanya 18.3 kwa 1.65, utapata kama 11. Kwa hivyo, nchi kavu dhahabu huwa nzito kuliko mchanga mara 7 hivi, lakini majini huwa nzito mara 11. Maji humsaidia mtafutaji kuliko anavyodhani.

Hebu fikiri mto wa bara wakati wa mvua kubwa. Maji hushuka kwa nguvu, mawe na changarawe zikatikisika kama mchele katika ungo. Kila zinapotikisika, punje ya dhahabu hupenya katikati yake ikashuka. Hushuka hivyo hivyo hata ikafika chini kabisa kwenye mwamba mgumu. Hapo haiwezi kushuka tena. Basi husukumwa polepole juu ya mwamba mpaka ikutane na ufa. Ikitumbukia, imefika nyumbani. Maji hupita juu yake mwaka baada ya mwaka yasiweze kuitoa, na udongo na vijiwe vidogo huja vikaufunga ufa kwa juu kama kizibo.

Hata hivyo, si kila ufa una mali. Yafaa kukumbuka mambo manne:

(a) Ufa unaokata mkondo, yaani uliolala kutoka ukingo hadi ukingo, hunasa zaidi kuliko ule unaofuata mkondo. Ule wa pili maji huufagia.

(b) Mwamba wenye matabaka na mikwaruzo hunasa. Mwamba uliolainika kama sakafu ya chokaa hauzuii kitu.

(c) Dhahabu hutua mahali maji yanapopunguza mbio: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona, na pale mteremko unapokuwa tambarare.

(d) Mizizi na kuvu lililoota juu ya mwamba hunasa unga mwembamba. Usivitupe. Vioshe ndani ya ndoo.

VIFAA

Hakuna haja ya mashine. Vingi vya vifaa hivi utavipata nyumbani:

1. Patasi na nyundo ndogo, au bisibisi kuukuu, ya kupanulia ufa.
2. Msumari mrefu uliopindwa ncha kama ndoana, wa kukwangulia mle ndani.
3. Kijiko chembamba cha chai.
4. Mswaki wa zamani, na brashi ndogo ya rangi.
5. Bomba la sindano lisilo na sindano, la kunyonyea maji na unga kutoka chini ya ufa.
6. Chekecheke.
7. Karai au sinia lenye kina. Lichomwe kwanza motoni ili mafuta yaondoke, maana punje ndogo ya dhahabu ikipata mafuta huelea. Masizi nayo husaidia, kwa kuwa rangi ya manjano huonekana vyema juu ya weusi.
8. Ndoo mbili na beseni moja kubwa.
9. Sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa yatosha.
10. Kichupa cha kioo chenye kifuniko.

KAZI HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kuyaondoa maji. Mitoni watu hungoja kiangazi, mto unapopungua na miamba kutokeza. Sisi mferejini tuliwabishia hodi majirani wa juu, tukawaomba wasimwage maji mpaka magharibi, kisha tukaziba kwa gunia la mchanga.

Hatua ya pili ni kusoma mahali. Ami hakuanza kuchimba. Alichuchumaa akatazama mfereji kama mtu anayesoma barua. Akanionyesha sehemu tatu: ufa uliokata sakafu ya mfereji hatua mbili tu kutoka mlangoni, kona ambapo mfereji hupinda, na shimo dogo lililo chini ya kidaraja cha jiwe. "Tukikosa hapa matatu," alisema, "hatutapata kwingine."

Hatua ya tatu ni kuufungua ufa. Toa kizibo cha juu kwa ncha ya patasi, lakini usikitupe, kitie ndoo ya kwanza. Panua ufa kidogo kidogo. Ukipiga nyundo kwa hasira utarusha vipande, na pamoja navyo dhahabu.

Hatua ya nne ni kukwangua mpaka chini. Hapa ndipo wengi hukosea. Huchota mchanga wa juu, wakaona hauna kitu, wakaondoka. Dhahabu iko chini kabisa, katika ule udongo mgumu ulioshikana na jiwe. Kwangua pande zote mbili za ufa kwa msumari, chota kwa kijiko, sugua kwa mswaki, tia maji kidogo, kisha unyonye kwa bomba. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe safi. Vipande vya mwamba ulivyovivunja navyo visuguliwe ndani ya ndoo.

Hatua ya tano ni kuchekecha. Mwaga yote juu ya chekecheke huku ukimimina maji. Mawe makubwa yatabaki juu. Yatazame moja moja kabla ya kuyatupa.

Hatua ya sita ni kuosha kwa karai. Tia mchanga nusu karai, lizamishe ndani ya beseni, vunja madonge ya udongo kwa vidole. Kisha tikisa karai kulia na kushoto, kwa nguvu lakini bila kumwaga, ili kizito kishuke. Baada ya hapo liinamishe kidogo mbele yako, uchote maji na kuyaacha yatoke yakichukua mchanga wa juu. Tikisa tena, inamisha tena. Ukibakiwa na kiasi cha kijiko kimoja cha mchanga mweusi, punguza mwendo. Maji yazungushe taratibu, na mkia wa manjano utaonekana nyuma ya weusi. Fanya kazi hii juu ya beseni siku zote, usiifanye juu ya ardhi. Ukikosea mara ya kwanza, kilichomwagika bado unacho, utakiosha tena.

Ukiona unga wa manjano unaelea juu ya maji, usishangae. Unga mwembamba sana hubebwa na ngozi ya maji kama vile sindano inavyoweza kuelea. Dondosha tone moja la maji ya sabuni, utauona unazama.

Hatua ya saba ni sumaku. Kausha mchanga mweusi uliobaki. Funga sumaku kwa karatasi, uipitishe juu yake bila kuugusa. Chembe za chuma zitarukia karatasi. Zipeleke kando, toa sumaku, zitaanguka zenyewe. Mabaki mengine yapulizie kwa pumzi ndogo, kama unayepoza uji wa mtoto mchanga.

JE, NI DHAHABU KWELI?

Vyote ving'aavyo si dhahabu, na mitoni kuna waongo wawili. Wa kwanza ni ulanga, ambao hung'aa ukiugeuza juani, lakini kivulini hufa rangi. Tena ni mwepesi, karaini huondoka pamoja na mchanga. Wa pili ni pairaiti, jiwe la chuma na salfa lenye rangi ya manjano. Hili lina uzito wa gramu 5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hivyo huweza kubaki karaini.

Njia rahisi ya kuyajua ni nyundo. Weka punje juu ya chuma, uigonge taratibu. Pairaiti husagika ikawa unga mweusi. Ulanga hubanduka vipande vipande. Dhahabu hulainika ikatandazika kama unga wa chapati, wala haivunjiki. Tena rangi ya dhahabu haibadiliki juani wala kivulini. Masonara wana njia nyingine za jiwe la kusugulia na asidi kali, lakini hizo si za wanafunzi kuchezea.

MITONI KWENYEWE

Pengine msomaji atauliza, mbona habari hizi za mito zinaletwa Lamu? Ni kweli kwamba visiwa vyetu ni vya mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani. Usihangaike kwenda na karai Shela au Manda, hutapata kitu ila jua la kichwani. Lakini dhahabu iliyowatajirisha Waswahili wa kale ilianza safari yake katika nyufa na changarawe za bara. Wenyeji wa nyanda za juu za Zimbabwe ya leo waliiosha mitoni na kuichimba mashimoni, ikapelekwa Sofala, na kutoka huko ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliukuta mji huo katika neema yake. Wareno nao hawakuja kwa kupenda upepo wa kusi. Mwaka 1505 waliuteka mji wa Kilwa na wakajenga ngome Sofala, wakiifuata dhahabu hiyo hiyo.

Katika Tanzania, dhahabu iligunduliwa mwaka 1922 katika eneo la mto Lupa, wilaya ya sasa ya Chunya, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko. Nyingi ya dhahabu ya siku zile ilitoka katika changarawe za mito. Hapa kwetu Kenya, wengi huijua habari ya Kakamega, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1931. Kuna jambo moja la Kakamega ambalo halifai kusahauliwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima. Dhahabu ilipoonekana, sheria ikabadilishwa mwezi wa Disemba mwaka 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa machimbo bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Amana haikudumu hata miaka 3.

Hadi hivi leo, kandokando ya mito ya Pokot Magharibi, wapo akina mama na vijana wanaoosha changarawe kwa makarai, wakitafuta unga wa dhahabu. Na huko India, katika mitaa ya masonara, wapo watu ambao kazi yao ni kununua taka za karakana na kukwangua mifereji ya nje. Niliposikia hayo nilifarijika kidogo. Kumbe si mimi peke yangu duniani niliyepiga magoti mferejini!

HATARI

Mwalimu wetu husema kwamba somo lisilo na onyo ni kisu kisicho na mpini. Basi nisikilize.

Zebaki. Baadhi ya wachimbaji huchanganya mchanga na zebaki, kwa kuwa zebaki hushikana na dhahabu ikaacha mchanga. Kisha huichoma, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu, lakini huharibu ubongo na mishipa ya fahamu na mafigo, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Mwaka 2013 mataifa mengi yalitia sahihi Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walipata ugonjwa kwa kula samaki wa bahari iliyochafuliwa kwa zebaki, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Sisi ni wala samaki, tufikiri. Kwa dhahabu ya ufa zebaki haihitajiki. Uzito wa dhahabu wenyewe watosha.

Mto. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kukufikia hali juu yako jua linawaka. Usiingie katika korongo jembamba msimu wa mvua.

Shimo. Kukwangua ufa ulio wazi ni jambo moja, kuchimba chini ya ukingo ni jambo jingine. Udongo ukiporomoka haukupi nafasi ya kupiga kelele.

Uchafu. Sisi tulivaa viatu vya mpira na glavu, na baadaye tukaoga kwa sabuni. Maji ya mfereji yana maradhi.

Sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, hata mchimbaji mdogo wa mkono anahitaji kibali. Nayataja haya kwa sababu nimesikia wenzangu wakisema kwamba shule haina faida, afadhali waende bara kwenye machimbo. Ndugu yangu, nimekwangua mfereji mmoja kutoka mchana hadi jioni, nikiwa na ami anayejua hasa pa kutazama, na dhahabu ilikuwa imemwagwa pale siku ile ile kwa mkono wangu mwenyewe. Hata hivyo magoti yalinitoka damu. Je, yule anayetafuta ambayo hajui kama ipo?

MWISHO WA KISA

Ufa wa kwanza ulikuwa na upana wa kidole, na kina kama cha kiganja. Juu yake mlikuwa na mkaa na mchanga mtupu. Nilitaka kuuacha, ami akasema, "Bado. Shuka." Nilipofika chini, msumari ulitoa udongo mweusi wenye nyota. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile, na kilikuwa kinanuka!

Tulipokwisha kuosha na kukausha, tulipima. Ufa wa kwanza ulitupa gramu 2.2. Kona ilitupa nusu gramu. Chini ya kidaraja tulipata chembe chache za kuhesabika, zisizotikisa mizani. Kama vile ami alivyosema, haikuenda mbali. Kutoka mlangoni hadi kidarajani ni hatua 12 tu, na sehemu kubwa ilisimama katika hatua mbili za mwanzo. Usiku ami aliyeyusha yote kwa boraksi katika joto linalopita nyuzi 1,064, na kitone kilipopoa kilikuwa na gramu 2.7.

Kwa hesabu yake ami, kopo lilikuwa na kama gramu 3.5, kwa kuwa kidogo hupotea motoni siku zote. Gramu 0.8 zilikwenda na maji. Nadhani ni ule unga mwembamba ulioelea. Mama alipokuja, ami alimweleza mambo yote tangu mwanzo, nami nimekaa pale pale nikitazama mkeka. Hakuficha hata ndoo ya pili. Akamwambia kwamba gramu 0.8 atazijaza yeye kutoka mali yake. Mama alinitazama, akasema, "Alhamdulillahi. Mengine hutupwa na watu wazima, tena hawaendi kuyatafuta."

Vipuli vilimalizika siku 4 kabla ya harusi. Nami nilifanya kazi Jumamosi 6 bila malipo, na sikuambiwa, nilijihukumu mwenyewe. Mpaka leo nikifagia karakana, taka naziweka katika kopo, na ule ufa wa nje ami amekataa usizibwe kwa saruji. Asema huenda nikakosea tena.

ZOEZI LA WANACHAMA

Nunueni machubwi madogo ya risasi, yale ya mshipi mwembamba. Hesabuni 20, yachanganyeni na nusu ndoo ya mchanga wa pwani, kisha kila mmoja aoshe kwa karai kama nilivyoeleza. Atakayeyapata yote 20 ameijua kazi. Osheni mikono kwa sabuni baadaye, maana risasi ni sumu.

MASWALI

1. Kwa nini dhahabu huwa nzito zaidi kuliko mchanga ikiwa majini kuliko ikiwa nchi kavu? Tumia hesabu.
2. Ufa unaofuata mkondo na ufa unaokata mkondo, upi una dhahabu zaidi? Eleza sababu.
3. Taja njia mbili za kutofautisha dhahabu na pairaiti.
4. "Mai huchukua chepesi, kizito hukiata." Andika sentensi hii kwa Kiswahili sanifu, kisha ueleze maana yake katika maisha ya mwanafunzi.

MSAMIATI

Amana: kitu ulichoachiwa na mtu umtunzie.
Chubwi: kipande cha risasi kinachozamisha mshipi wa mvuvi.
Sonara: fundi wa dhahabu na fedha.
Tupa: chuma chenye meno madogo cha kukerezea.
Ulanga: madini yenye kung'aa yanayobanduka kwa matabaka membamba.
Zebaki: metali iliyo majimaji, yenye sumu.